Nani Aliyelipausha Zulia?

Zulia la shangazi yangu lilitoka Muscat. Wifi yake aliyeolewa Oman alimtumia zawadi, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa lori hadi Mwanza, na tangu lilipotandikwa sebuleni pale Kirumba hakuna mgeni aliyelikanyaga kwa viatu. Ni zulia la nailoni, nyuzi fupi zilizobanana, rangi ya buluu iliyokoza. Wengi wetu mjini hapa tunatandika mazulia ya manyoya marefu kutoka China, au yale ya Uturuki yenye maua. La shangazi ni la namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo iliyoleta kesi ninayotaka kuieleza.

Kutunza zulia Mwanza si kazi ndogo. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la vilimani linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao usiku mmoja tu wanaifunika taa ya barazani mpaka mwanga unafifia, na asubuhi wanazolewa kwa ufagio. Vuli ikianza, unyevu wa ziwa unakaa ndani ya nyumba. Nguo zilizofuliwa zinakesha kwenye kamba bila kukauka sawasawa. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zinapokaribia, shangazi huagiza zulia lioshwe lote kwa maji na sabuni, lisuguliwe, lianikwe juu ya mawe nyuma ya nyumba.

Mwaka ule kazi hiyo ilifanywa na binti wa kazi, msichana wa kisiwa cha Ukerewe aliyekuwa na shangazi kwa muda mrefu. Aliliosha vizuri, akalianika, akalitandika. Haukupita muda madoa yakatokea. Yalianza machache karibu na dirisha, yakaongezeka, kila doa mviringo usio kamili, upana wa ncha ya kidole au zaidi kidogo, rangi ya papai lililoanza kuiva. Shangazi aliyasugua kwa sabuni ya mche, akayasugua kwa limau na chumvi. Hayakuchuja wala hayakupungua.

Hukumu ilipita haraka. Binti alikuwa na chupa ya jiki anayosafishia choo, zulia lilikuwa zima kabla hajaliosha, na baada ya kuliosha likaharibika. Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, mambo matatu hayo yanaunda ushahidi. Shangazi si mtu katili, na nataka msomaji alielewe hilo. Aliamini alichokisema kwa sababu kilionekana kwa macho. Aliamua kwamba mshahara wa binti utazuiwa, mwezi kwa mwezi, hadi thamani ya zulia itimie. Mimi niliitwa baadaye, tena si kwa uchunguzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Si unafundisha kemia wewe? Basi nitengenezee dawa ya kurudisha rangi. Tazama msichana alivyonifanyia."

Binti alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nilipomgeukia alisema sentensi moja tu: "Dada mwalimu, jiki haijawahi kufika sebuleni." Hakulia, hakujitetea zaidi. Nimewafundisha wanafunzi wengi, na ninajua sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo moja mara nyingi mpaka amechoka kulisema.

Jirani mmoja, mama mwenye heshima zake, alikuwa ameshatoa maelezo yake: madoa yanayotokea yenyewe usiku si ya bure, kuna mtu ameitia nyumba mkono, na wanaotoka visiwani wanajua mambo. Maneno hayo yalinishtua kuliko habari ya mshahara. Sisi wa kanda hii tunajua yanaweza kufika wapi. Usukumani bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ukasomwa kuwa alama ya uchawi. Macho yale yaliiva kwa moshi: miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, katika nchi iliyokwisha kukatwa miti. Chanzo kilikuwa kwenye mafiga, na watu wakakitafuta kwenye moyo wa bibi. Mashirika yaliyokuja kuwatetea wazee hao yalifanya jambo la maana sana, tena la kawaida kabisa: pamoja na kuzungumza na vijiji, yalihimiza majiko yanayopunguza moshi. Kwa hiyo nilipomsikia yule mama akitaja visiwa, niliona kwamba hili halikuwa jambo la kuliacha lipite, na kwamba dawa ya kurudisha rangi ingengoja.

Nilianza na kitambaa cheupe kilichoroweshwa maji. Nilikikandamiza juu ya doa kwa nguvu, nikakiinua. Hakuna kilichoganda juu yake. Hapo jambo la kwanza likajulikana: hili halikuwa doa kwa maana ya kitu kilichoongezeka juu ya zulia, bali rangi ya zulia yenyewe ilikuwa imeondoka. Mchuzi, chai, mafuta ya dagaa, udongo mwekundu, vyote hivyo vinaongeza kitu, na kinachoongezeka kinaweza kuoshwa. Rangi iliyouawa ndani ya uzi haioshwi ikarudi. Jitihada zote za limau na chumvi zilikuwa zinapigana na kitu ambacho hakipo.

Kisha nilitenganisha nyuzi kwa vidole na kutazama shina. Juu zilikuwa zimepauka, chini karibu na kitako zilibaki buluu. Aliyelipausha alitoka juu, na alikuwa mdogo, tena mzito. Kimiminika kingepenya hadi chini na kusambaa. Jiki inapodondoka huruka, inaacha michirizi na vitone vidogo pembeni. Hapa hapakuwa na mchirizi hata mmoja.

Shangazi alitaja paka wa jirani, ambaye huingia kupitia dirishani. Hilo lilikuwa swali la haki, maana mkojo wa paka nao unaweza kuharibu rangi. Chini ya nyumba kuna kibanda cha wakala wa fedha mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Alituazima. Tulifunga mapazia, tukapitisha taa juu ya zulia lote. Mkojo wa mnyama uliokauka hung'aa chini ya taa ile kwa rangi ya njano iliyofifia. Kilichong'aa ni shati langu jeupe tu, kwa sababu sabuni za unga zina kemikali ya kuongezea weupe inayoitikia mwanga huo. Madoa yalikaa kimya. Paka akaachiwa.

Ikabaki jiki. Nilimwomba shangazi ruhusa, naye akanipa baada ya kusita, nikasogeza kochi kubwa na kudondoshea tone moja kwenye pembe isiyoonekana. Binti alisogea akasimama karibu yangu. Rangi iliondoka tukitazama, haraka, na ikaacha weupe wenye umanjano kidogo. Haikuacha rangi ya papai.

Zulia la buluu iliyokoza halitiwi rangi moja. Kiwandani huchanganywa rangi za buluu, nyekundu na njano kwa vipimo, na jicho letu huuona mchanganyiko huo kama buluu moja nzito. Kemikali zinazopausha hazizili rangi zote kwa kasi moja, na kwa kawaida buluu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ikiondoka buluu peke yake, zinabaki nyekundu na njano, na hizo mbili zikikutana ni rangi ya chungwa. Tone langu la jiki, kali kama lilivyokuwa, lilizichukua zote. Kile kilichopita sebuleni kilikuwa na mkono mpole zaidi. Kilikula buluu na kuiacha iliyosalia. Na hapa ndipo tofauti ya zulia inapoingia. Mengi ya yale mazulia ya mashine kutoka Uturuki ni ya polipropilini, na rangi yake huchanganywa kwenye plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla uzi haujavutwa. Imefungiwa ndani, haiguswi kirahisi. Nailoni kwa kawaida hutiwa rangi baadaye, nayo rangi hukaa mahali ambapo kemikali inaweza kuifikia. Zulia la Uturuki lingekaa sebuleni humo miaka yote bila kuonyesha chochote, na binti asingeulizwa lolote.

Nilichukua karatasi nikachora sebule, nikaweka alama mahali pa kila doa. Kazi hiyo nawahimiza sana wanafunzi wangu, kwa sababu jicho lililosimama juu ya kitu huona fujo, na karatasi huonyesha mpangilio. Madoa hayakuwa yametapakaa. Yalikusanyika katika eneo moja kati ya kochi na dirisha, upana wa mtu mmoja. Katikati palikuwa na fungu la madoa yaliyokolea, na kila upande wa fungu hilo, umbali wa kama kiganja na nusu, palikuwa na madoa hafifu. Dirisha hilo linaelekea kaskazini, likikengeuka kidogo mashariki.

Nilikuwa bado nimeishika karatasi wakati mwadhini alipoadhini alasiri. Binti mdogo wa shangazi, anayesoma chuo kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, alikuwa amerudi kwa daladala muda si mrefu. Alitia udhu, akavaa ushungi wake wa kusalia, akaja kusimama palepale kati ya kochi na dirisha, akakabili kibla. Kutoka Mwanza, Makka iko kaskazini, kidogo mashariki. Alipokwenda sijda, kipaji chake kiligusa fungu la madoa ya katikati na viganja vyake vikatua juu ya yale hafifu ya pembeni. Shangazi alikuwa amekaa kitini akiangalia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Alipomaliza nilimwita kando nikamuuliza anapaka nini usoni. Alikuwa na chunusi, na chunusi ni jambo la aibu kwa kijana na sikutaka kulizungumza mbele ya watu. "Dada, ni hii tu," alisema, akanitolea chumbani kijibomba cha dawa alichoandikiwa hospitali na kununua kwenye duka la dawa mjini. Ilikuwa benzoili peroksaidi, asilimia 5. Ni dawa nzuri, halali, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanya kazi kwa kutoa oksijeni inayoua bakteria wa chunusi, na oksijeni hiyohiyo huua rangi ya nguo. Katika nchi nyingine viwanda vimeitumia kung'arisha unga wa ngano. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ilisema hivyo kwa herufi ndogo: epusha na nywele na vitambaa vya rangi. Foronya zake ni nyeupe na taulo lake ni jeupe, kwa hiyo havikuwa vimemwambia kitu. Ushungi wake wa kijani ulikuwa umepauka kuzunguka uso, naye alidhani ni jua.

Lakini kwa nini madoa yalingoja mpaka zulia lilipooshwa? Swali hilo aliliuliza shangazi mwenyewe, na nilifurahi kwamba aliliuliza, maana ndilo lililombeba binti wa Ukerewe hadi kwenye hukumu. Benzoili peroksaidi haiyeyuki katika maji. Ikishagusa uzi inaweza kukaa humo ikiwa kavu, majuma au miezi, bila kufanya lolote linaloonekana. Inachohitaji ni unyevu na joto. Kijana alianza kupaka dawa wakati wa likizo ndefu, kiangazi, zulia likiwa kavu kabisa. Alipaka usiku baada ya udhu wa isha, akasali na kulala. Chembe zikabaki kwenye nyuzi usiku baada ya usiku. Kisha likaja agizo la kuosha zulia. Maji yakaingia, jua la juu ya mawe likatia joto, mvua za vuli zikaleta unyevu usiokauka, na dawa iliyokuwa imelala ikaamka. Binti alilisafisha zulia kama alivyoagizwa, na usafi wake ndio uliofichua kilichokuwemo. Kilichotangulia kufanyika karibu na madhara kilichukuliwa kuwa ndicho kilichoyaleta. Kosa la namna hii ni la zamani, na haliwaachi hata waliosoma.

Kisa hiki kinanikumbusha kingine kikubwa zaidi kilichotokea hapahapa, ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Katika miaka ya 1990 wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wengi kusini mwa ziwa, nao hukamatia dhahabu kwa zebaki. Hofu ikawa kwamba zebaki imeingia ziwani, imeingia kwenye samaki, na itatupata sote. Haikuwa hofu ya kipuuzi. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyopita kwa samaki na kuwalemaza watu. Daktari Masazumi Harada, aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata sehemu kubwa ya maisha yake, alikuja na wenzake wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza mjini. Wengi walionekana wako salama. Lakini walikuwepo wenye viwango vya juu sana, wakiwemo watu wa mjini wasiochimba wala kuvua, na aina ya zebaki iliyokutwa kwao haikuwa ile ya kwenye samaki. Ilielekeza kwenye sabuni za kuogea zilizotiwa zebaki ili kung'arisha ngozi. Ziwa lilishukiwa, na kumbe sehemu ya jibu ilikuwa kwenye kisahani cha sabuni bafuni.

Nilimsimulia binamu yangu hayo makusudi. Alinieleza kwamba chuoni wenzake walikuwa wamempendekezea mkorogo wa kuondoa alama za chunusi. Nilimsihi asiuguse. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na bado vinauzwa kwa kunong'onezana. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo na kwa muda mrefu huleta weusi mbaya zaidi ya ule uliokimbiwa, na ikikutana na dawa yake ya peroksaidi inaweza kuitia ngozi madoa meusi ya muda. Dawa aliyoandikiwa na daktari aendelee nayo. Asali kabla ya kuipaka, anawe mikono kwa sabuni baada ya kuipaka, aiache ikauke, na atandike mswala mweupe. Hayo tu. Hakuna sababu ya msichana kuacha tiba wala kuhama mahali pake pa ibada kwa ajili ya nyuzi za nailoni.

Rangi ya zulia haikurudi na haitarudi kwa sabuni ya aina yoyote. Fundi mzuri anaweza kukata kipande kilichopauka na kupandikiza kingine kutoka chini ya kochi, au kutia rangi upya uzi kwa uzi, lakini shangazi hakutaka. Jioni ileile alimwita binti wa Ukerewe sebuleni, akamrudishia fedha zilizozuiwa zote, akamwomba radhi mbele yetu na mbele ya yule jirani, ambaye aliitwa makusudi. Hilo la kumwita jirani ninaliheshimu kuliko kurudisha fedha. Neno la uchawi likishatoka nje ya mlango, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulifuata na kulirudisha.

Jambo linalobaki kulisema linawahusu wenye nyumba. Kitu kikiharibika nyumbani, lawama huanza kwa mtu ambaye hana ndugu humo ndani. Anatumia maji, sabuni, moto na visu siku nzima, kwa hiyo daima atakuwa alikigusa kitu hicho mwisho. Binamu yangu aliligusa zulia kila siku kwa kipaji cha uso wake na hakuna aliyemfikiria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kitu kilichoharibika eti kwa sababu anashuku. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi cha deni. Apewe nafasi ya kulipinga. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kuzuia mshahara mzima, kama ilivyoanza kufanyika Kirumba, ni kuvunja sheria hata pale binti anapokuwa na kosa kweli. Mfanyakazi wa nyumbani aliyetendewa hivyo anaweza kwenda kwenye chama chake, CHODAWU, na hapa Mwanza lipo shirika la WoteSawa linalowatetea wafanyakazi wa nyumbani. Mwenye nyumba naye, kabla hajafikia huko, achukue kitambaa cheupe chenye maji, akikandamize juu ya doa, na aanze kuuliza kila mtu aliyemo ndani, akianza na watoto wake mwenyewe.